Peisilipu au mkoba wa vifaa? Ulinganisho kwa anayemaliza chuo Mombasa

Binamu yangu anamaliza diploma ya umeme hapa Tudor. Mwezi uliopita aliniandikia: "Kaka, hoteli moja ya Nyali wamenipa kazi, elfu thelathini. Lakini nikikuangalia wewe huna bosi, moyo wanambia nikatae. Wasemaje?" Nikamwambia asikatae na asikubali mpaka tukae. Jumapili tukakaa Lighthouse, yeye na mihogo yake ya kukaanga, mimi na dafu, tukalinganisha mambo mpaka adhana ya magharibi. Haya hapa chini ni mengi ya tuliyosema, pamoja na machache niliyoyakumbuka nikiwa njiani kurudi Kisauni.

Tuanze na sisi wenyewe. Mwanafunzi wa chuo Mombasa anaipenda biashara kwa mdomo. Somo la ujasiriamali limo katika vyuo vya ufundi vya Kenya tangu 1990, na mtahiniwa wa diploma ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, huandika mpango wa biashara kama sehemu ya mtihani wake. Darasani kwetu mipango mingi ilikuwa ya kufuga kuku. Wengi wa walioiandika hawakujua kuku mmoja anakula nini kwa siku. Ilitoka saiba moja ya Buxton, duka la kompyuta na intaneti, ikabadilishwa jina na nambari ya usajili. Mwalimu akiuliza nani atajiajiri, mikono yote juu. Tangazo la kazi za bandari likitoka, saiba hiyo hiyo haina pa kukanyaga.

Sisemi ni unafiki. Biashara tumefunzwa kama jambo la kufanya mtu akikosa. Ukikosa kazi, jiajiri. Basi hata anayeipenda huingia na uso wa aliyekosa, na anayeajiriwa naye hujiona ameshinda kabla hajaanza. Na kukosa huko ndiko waliko wengi: mwaka baada ya mwaka takwimu za serikali zinaonyesha kwamba zaidi ya 80% ya wanaofanya kazi Kenya, ukiacha wakulima wadogo, wako katika sekta isiyo rasmi, ile tunayoiita jua kali.

Kwa hiyo nilimwekea binamu yangu watu wawili anaowajua. Mmoja ni mwenzangu wa dawati. Tulisoma naye friji na viyoyozi, tukafanya mtihani mmoja, na alama zetu zilikaribiana. Yeye ni fundi wa hoteli moja kubwa ya pwani ya kaskazini. Wa pili ni mimi, mwenye mkoba wa vifaa, kibanda Kisauni na kijana mmoja wa kunisaidia.

Mwenzangu mshahara wake ni 40,000. Hiyo ndiyo anayoitaja. Anayoiona ni nyingine. Kwa viwango vya 2025, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua 6%, yaani 2,400. Bima ya afya ya SHIF inachukua 2.75%, ambayo ni 1,100. Ada ya nyumba ni 1.5%, ambayo ni 600. Halafu inakuja kodi ya mapato, kama 3,150 baada ya nafuu ya 2,400 anayopewa kila mlipakodi. Anabaki na takriban 32,750. Kama ana mkopo wa HELB, ule wa serikali wa masomo, unakatwa humo humo kabla pesa haijagusa simu yake.

Mimi hakuna anayenikata, na hapo ndipo vijana wengi wanapodanganyika. Nikiosha na kujaza gesi kiyoyozi, mteja hunipa pesa mkononi au kwa M-Pesa, na jioni najiona tajiri. Kumbe ndani ya pesa hiyo mna gesi, mna nauli ya boda, mna kijana, mna kodi ya kibanda. Nilimwonyesha binamu yangu daftari langu la mwaka jana, miezi miwili tu:

| | Mwenzangu hotelini | Mimi na mkoba |
|---|---|---|
| Februari, kilichoingia | 40,000 | 96,000 |
| Februari, kilichobaki | 32,750 | 72,000 |
| Juni, kilichoingia | 40,000 | 22,000 |
| Juni, kilichobaki | 32,750 | 13,000 |

Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye 72,000. Ya kila mtu huenda hapo. Nikamwambia asome mstari wa mwisho mara tatu.

Kazi yangu inaendeshwa na pepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hadi Machi, Mombasa inachemka, viyoyozi vinazidiwa, simu yangu hailali. Hewa ya chumvi nayo inakula koili za nje za nyumba za ufukweni, na kwa hilo namshukuru Mungu kimyakimya. Masika yakianza Aprili, kusi ikafuata, watu wanafungua madirisha. Juni mtu anakupigia simu kukusalimu tu. Mwaka mzima, ukiujumlisha ukaugawa kwa 12, mimi nilibaki na wastani wa 36,000 kwa mwezi. Nimemzidi mwenzangu kwa 3,250.

Au sivyo? NSSF ya mwenzangu haikupotea. Mwajiri wake naye anaweka 2,400 nyingine kama zake, kwa hiyo kila mwezi kuna 4,800 zinazomngojea uzeeni; kwa mwaka ni 57,600. Ukiziongeza hizo juu ya anachopeleka nyumbani, yeye ndiye aliyenizidi, kwa kama 18,600 kwa mwaka. Tena ana likizo ya siku 21 kwa mwaka yenye malipo, kama sheria ya ajira ya 2007 inavyotaka. Mimi nikienda Lamu kwa arusi ya shangazi siku nne, ni siku nne za kutoa bila kuingiza. Sikupenda hesabu hii nilipoifanya mara ya kwanza. Niliirudia nikitarajia nimekosea.

Tofauti yetu ya kweli basi si kiasi, ni umbo la pesa. Yake ni maji ya mfereji: kidogo, lakini tarehe yake unaijua. Yangu ni mvua. Mtu anayelipia mdogo wake karo kila muhula, au mama yake anatumia dawa za sukari ambazo haziwezi kungoja kaskazi, mvua itamtesa hata ikinyesha nyingi. Asiye na wa kumtegemea, anayekula kwao, anaweza kuweka mapipa. Hili ndilo swali la kwanza nililomuuliza binamu yangu, kabla ya kumuuliza anapenda nini: nyumbani kwenu ni nani anangoja pesa yako, na anaingoja tarehe ngapi?

Kuna la mtaji. Anayeajiriwa anahitaji PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, kadi ya NSSF, usajili wa bima ya afya wa SHA, cheti cha mwenendo mwema, shati mbili, na uvumilivu. Mimi kuanza kulinila kama 60,000: geji, pampu ya kutoa hewa kwenye mabomba, mtungi wa gesi, mashine ya kuoshea, spana. Sikuwa nazo. Nilizikusanya nikiwa nimeajiriwa, kifaa kimoja kimoja, na hilo nitalirudia. Wanafunzi wengi huniambia kuna Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo ya simu. Ipo tangu Novemba 2022, na riba yake ya 8% kwa mwaka ni ndogo kweli. Lakini tuitazame ilivyo. Mkopo wa mtu binafsi unaanza na 500 na unapanda kadiri unavyolipa, hadi 50,000. Tuseme umefika 5,000: asilimia 5 inawekwa akiba, unapokea 4,750, na riba ya siku 14 ni kama shilingi 15. Ni nafuu, hakuna ubishi. Tatizo ni zile siku 14. Muuza viazi karai anaweza kununua gunia Kongowea leo na kurudisha pesa kabla ya wiki mbili. Pampu yangu ya kutoa hewa ilichukua miezi minne kujilipa. Kwa hiyo mkopo ule ni wa bidhaa inayozunguka, si wa vifaa. Wa vifaa hutoka kwenye chama, kwa ndugu, au kwenye mshahara.

Karatasi za biashara zenyewe hazitishi kama watu wanavyodhani. Kusajili jina la biashara kwa eCitizen ni kama shilingi 1,000. Leseni ya kaunti inategemea aina na ukubwa wa biashara, na ukiwa unauza chakula kuna cheti cha afya pia. Kodi ya mauzo ya 3% inawahusu wenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Ritani za KRA zina mwisho wake 30 Juni, uwe umeajiriwa au la; wengi hukumbuka 29 usiku.

Sasa heshima, ambayo vijana wanajifanya hawaijali.

Nilipokwenda kuposa mara ya kwanza, nilikwenda na ami yangu na wazee wawili. Swali lililoulizwa baada ya salamu na kahawa halikuwa la tabia wala la dini. "Kijana anafanya kazi wapi?" Ami akajibu, "Ni fundi, anajitegemea." Chumba kilinyamaza kidogo, kimya kile cha watu wenye adabu. Mzee mmoja akasema, "Aaa, yaani bado anatafuta." Siku ile nilikuwa nimeingiza pesa nyingi kuliko mtu yeyote aliyekaa kwenye ule mkeka, lakini "wapi" yangu haikuwa na jengo. Mwenzangu wa hotelini alipokwenda kuposa, jibu lilikuwa jina la hoteli, wakaendelea na mahari.

Na si posa peke yake. Mwenye nyumba anataka peisilipu, ile karatasi ya mshahara. Sako, chama cha akiba na mikopo, inataka peisilipu ndiyo ikukate mkopo juu kwa juu. Duka la fanicha linataka peisilipu. Ukiwa huna, unaonyesha taarifa ya M-Pesa ya miezi sita na unangoja mtu akuamini. Ajabu ni kwamba mji huu umejengwa na wafanyabiashara, kuanzia majahazi ya tende na boriti hadi maduka ya leso ya Biashara Street, na bado mzazi wa Mombasa leo akisema "mwanangu yuko bandarini" sauti yake hubadilika. Nadhani babu zetu walikuwa na maduka yenye mlango na ubao wa jina. Sisi tuna mkoba na simu, na watu hawaoni pa kuelekeza kidole. Nilipopata kibanda nikaandika jina juu, nusu ya tatizo ilikwisha. Kodi yake naihesabu kama gharama ya matangazo, na kama gharama ya posa.

Kwa wasichana mzani unalala upande mwingine. Dadangu alipata kazi ya mapokezi hotelini, zamu za usiku, na nyumbani hawakulala kwa wasiwasi wa maneno ya watu. Rafikiye anayepika mahamri na kaimati kwao na kuuza kwa oda anasifiwa mtaa mzima, ingawa anaamka saa tisa za usiku na mikono imejaa makovu ya mafuta. Hakuna anayemwuliza yuko wapi, yuko nyumbani. Ila pesa yake nayo inahesabiwa kuwa ya nyumbani. Mshahara wa dadangu una jina lake. Pesa ya mahamri inachukuliwa kununua gesi, sukari, na mpira wa kaka mdogo. Msichana anayechagua, na alipime na hili.

Wengine watasema kuajiriwa ni usalama. Mimi niliajiriwa kabla ya mkoba. Kampuni yetu ndogo ilifunga viyoyozi katika ofisi za mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Treni ya SGR ilianza 2017, ya mizigo ikafuata, na makontena yakawa yanapelekwa moja kwa moja bohari ya Nairobi yakatolewe huko. Mwaka 2019 watu waliandamana mjini kwa sababu hiyo. Ofisi za mawakala zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine, na ofisi iliyofungwa haihitaji kiyoyozi. Tukaambiwa tukae nyumbani kwanza. Rais mpya alipoapishwa 13 Septemba 2022 alitangaza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa, lakini wakati huo mimi nilikuwa na wateja wangu.

Lakini nisijisifu. Mwaka 2020 korona ilipoingia, Aprili tukazuiwa kutoka na kuingia Mombasa, Mei Mji wa Kale ukafungwa, na mimi sikuwa na wa kunipa hata nusu mshahara. Mwenzangu alipewa likizo bila malipo miezi kadhaa kisha akaitwa. Mimi hakuna aliyeniita. Nilianza kutafuta wateja upya, mlango kwa mlango. Kazi ya kuajiriwa hukatika mara moja kwa kishindo, ya kujiajiri hupungua kidogo kidogo mpaka siku moja unagundua wiki imepita bila simu. Sijui ipi inaumiza zaidi. Ninachojua ni kwamba ile ya pili unaweza kuiona ikija, ukiwa unaandika daftari.

Kuna aina ya tatu ya mwanafunzi ambaye ulinganisho wangu wa fundi na fundi haumhusu: yule wa kuuza bidhaa. Hosteli moja karibu na chuo kuna dada anayeuza madera. Ananunua Biashara Street kwa jumla, anapiga picha, anaweka kwenye status ya WhatsApp, jioni anapita vyumba. Ramadhani anauza hadi usiku wa manane. Adui yake ni mmoja tu: "Nitakulipa HELB ikiingia." HELB ikiingia, mdaiwa hapokei simu. Mwaka wa kwanza nusu ya mtaji wake ulikuwa umevaliwa na watu anaosalimiana nao kila siku. Mwaka wa pili akaacha kukopesha, akapoteza marafiki watatu, na biashara ikasimama imara.

Huyo sina la kumwambia ila kwamba alianza wakati mzuri. Ukiwa chuoni, chumba kinalipiwa, chakula cha mwisho wa wiki kiko kwa mama, na wateja wamepangwa korido mbili. Ukipoteza 8,000 mwaka wa pili umepoteza 8,000. Ukizipoteza miaka mitano baadaye, umepoteza kodi ya nyumba na usingizi wa mke. Kwa hiyo anayetaka kuuza kitu, nguo, mabuyu, achari, chakula, asingoje cheti. Cheti hakitamfunza kudai deni.

Fundi ni tofauti, na hapa ndipo nilipomkalia binamu yangu. Fundi anayetoka chuoni moja kwa moja hadi kwenye mkoba anajifunza kwa mashine za watu. Chuoni kwetu tulikuwa na kiyoyozi kimoja cha mfano, kimefunguliwa na wanafunzi kwa miaka kumi. Nilikutana na aina nyingine zote nikiwa nimeajiriwa, kosa langu likilipwa na mwenye kampuni. Nilijua bei, nilijua nani anauza gesi halisi na nani anachanganya, na wateja watano wa kwanza wa mkoba wangu walinijua kwa sare ya mwajiri. Na kwa fundi wa umeme kama yeye kuna sababu zaidi: kufunga umeme kwa halali unahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na uzoefu wa kazi ni sehemu ya maombi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ni kweli, lakini mgaagaa huyo anaujua upwa.

Kwa hiyo nilimwambia achukue ile kazi, kwa miezi 18 au 24, kwa masharti. Asome mkataba. Kama ni kibarua cha siku, ajue kwamba sheria hiyo hiyo ya ajira, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi anahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Wengi hawaijui, na waajiri wanapenda hivyo. Kila mwezi anunue kifaa kimoja kabla ya kununua kiatu. Aandike kila mashine aliyoifungua na ilikuwa na nini. Na miezi ile ya Mei na Juni hoteli inapokuwa tupu, asilale. Ndio msimu wa kujipima kwa kazi ndogo za mtaani, akiwa bado na mshahara.

Angekuwa na mama anayengoja dawa kila tarehe 5, ningemwambia akae hotelini hata miaka kumi na asione haya. Angekuwa ameshakusanya vifaa na wateja watano kabla ya kumaliza chuo, ningemwambia akatae ile elfu thelathini leo leo. Hana lolote kati ya hayo mawili.

Aliuliza swali moja tu la maana mpaka tunasimama: "Na kama miaka miwili ikiisha nimezoea mshahara?" Sikuwa na jibu zuri. Mwenzangu wa dawati alisema miaka miwili pia.

Ameanza tarehe 1. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alinipigia kuniuliza drili ya kutoboa zege, ya mitumba, inauzwa pesa ngapi Mwembe Tayari.